Z ya Kalamu

Wamenistaafisha. Barua inasema hivyo: baada ya miaka sita ya utumishi mwema nimepewa mapumziko ninayostahili. Niko na miaka ishirini na saba. Naandika haya mtoto akiwa mgongoni, blauzi imelowa maziwa upande wa kushoto. Kama Likasi ina mstaafu mwingine anayenyonyesha, aje tusalimiane.

Masere Godelieve, mtawa Mbelgiji anayeongoza Kituo chetu hapa Kikula, ameniomba niwaandikie ninayoyajua wale watakaokaa kwenye kiti changu. "Mambo ya kazi tu," alisema, macho yake dirishani. "Usitie hasira." Nimekubali. Hasira nimeiweka kando, lakini si mbali.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Niliingia dakitilo, mpiga masini ya kuandikia, nikatoka dakitilo. Mshahara nao sikukaa nao muda wa kutosha kuufahamu.

Kazi yenyewe ni hii. Kikundi cha watu kinakuja na shida yake: wamama wanataka cherehani, wakulima wanataka kisima. Sisi tunaigeuza shida hiyo kuwa dosiye, kurasa kumi au kumi na mbili za Kifaransa, tunaituma Ulaya kwa wafadhili ambao hatujawahi kuwaona. Wakipenda, wanatoa. Wasipopenda, wanatuma kalenda yenye picha za theluji. Kituo kina kabati zima la kalenda.

Hakuna shule inayofundisha kazi hii. Kila mmoja wetu aliifikia akitoka kwenye kazi nyingine, na ile ya kwanza haikumtoka, kama harufu ya samaki kwenye kikapu. Niliijua hivyo tangu siku yangu ya kwanza, Masere aliponikalisha mbele ya Papa Ngoie, mwandishi mkuu wa dosiye, mzee mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ulikuwa natumika wapi, mwana?" aliniuliza.

"Mu biro ya ajali, Papa. Ku kampani."

"Ulikuwa nafanya nini mule?"

"Muntu akiumia, minye napiga raporo. Fasi gani, saa ngapi, mukono gani, nani aliona."

Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Minye nilitoka Buluo."

Huku kwetu mtu akisema ametoka Buluo huulizi zaidi, maana kule ndiko kuna gereza kubwa. Akaona ninavyoitazama mikono yake.

"Si mufungwa! Mukarani. Nilikuwa naandikia bafungwa barua za kuomba rehema. Miaka kumi na mbili."

"Na balikuwa banafunguliwa, Papa?"

Alifikiri kidogo. "Barua zilikuwa muzuri sana," alijibu.

Na kweli zilikuwa nzuri. Papa Ngoie alinifundisha kupanga ukurasa, kuacha pembezoni pana ili mfadhili apate mahali pa kuandika mashaka yake, kutorudia neno moja katika mistari mitatu. Alinifundisha kukunja barua ili jina la mpokeaji litokee kwanza. Lakini Buluo haikumtoka. Kila dosiye yake ilianza kwa sifa, ikaendelea kwa majuto, na mwisho, kwa mazoea ya miaka kumi na mbili, aliweka sentensi moja ile ile: *Tunaahidi kwamba hatutarudia.*

Dosiye ya kwanza niliyoiona ikirudi ilikuwa ya wamama wa cherehani. Wafadhili waliandika kwa heshima kubwa kwamba wamefurahi kuona kikundi kimeahidi hakitarudia kuomba, na kwa hiyo wamelifunga jalada. Kalenda ya mwaka ule ilikuwa na swala wa theluji.

"Papa," nikamwambia, "bale bamama balikosa nini?"

"Kila muntu iko na kosa yake."

"Kosa yao ni kukosa cherehani."

Tangu hapo tuligawana. Yeye aliandika ukurasa wa kwanza, wa heshima, nami nikaandika kilichobaki kama nilivyokuwa nikiandika raporo za ajali, ndipo akaanza kuniita Mama Ajali. Msiandike "wanawake wengi wanateseka." Hiyo hata mhubiri anaisema. Andikeni nani, mahali gani, siku gani, nani aliona. Ukikosa shahidi, vaa viatu ukamtafute. Wafadhili walianza kujibu. Si wote, wala si kila mara, lakini kabati la kalenda liliacha kujaa.

Sasa masini. Mtairithi, kwa hiyo muijue tabia yake. Ni ya zamani kuliko jina la nchi. Walipoiunda, Z ilikuwa herufi ya kukaa tu, inaitwa mara moja kwa mwezi. Kisha nchi ikaitwa Zaïre, mto ukaitwa Zaïre, pesa nayo ikaitwa zaïre, na Z ikaanza kufanya zamu tatu kama mtu wa kiwandani Shituru. Mwaka wangu wa pili ilikatika, ikaruka, ikaangukia kwenye chai ya Papa Ngoie.

Nilimwomba Masere fundi. Masere alisema fundi hayumo katika bajeti, tuwaombe wafadhili. Tukaandika dosiye ya kuomba herufi moja. Walituma kalenda.

Basi nikawa naacha nafasi tupu kila penye Z, na ukurasa ukiisha naijaza kwa kalamu, kwenye asili na kwenye kila nakala ya kaboni, moja moja. Niliichora na mkia mdogo unaopinda chini, kama tulivyofundishwa darasa la pili na mwalimu mmoja aliyependa urembo. Mkia huo ukawa mazoea. Kumbukeni mkia huo.

Mwaka jana, mara tu baada ya mvua, alikuja Mama Amina. Anauza samaki wakavu soko la Kikula, Mwislamu, ukoo wake wa Maniema, sauti yake inafika kabla yake. Nyuma yake walikuwa wamama saba.

"Tunataka nyumba ya kuzalia," alisema kabla ya kukaa. "Lopitali iko kule ngambo ya reli. Muke ya mutoto yangu alizalia pale ku reli, masofere banaangalia. Bengine balipiga honi!"

"Siku gani, Mama?"

"Ya nini unauliza siku? Utamupeleka zawadi?"

"Nauliza juu ya dosiye."

Akanitajia siku, saa, na jina la dereva mmoja aliyepiga honi. Nilimpenda hapo hapo. Tena nilikuwa na mimba ya miezi miwili, bado sijamwambia mtu isipokuwa bwana yangu, na nyumba yetu nayo iko upande huu wa reli.

Wale wamama walikuwa wameshaanza. Kila Jumatano, soko likifungwa, walifyatua matofali na kuyabeba kichwani hadi kiwanja cha dispanseri. Hakuna aliyewatuma. Walichokosa ni bati, saruji na vitanda. Wafadhili siku zote huuliza wenyeji wenyewe wametoa nini, na hapa jibu lilikuwa limepangwa uwanjani, safu kwa safu. Niliandika: wamama arobaini, kila Jumatano, *kwa hiari yao*. Sijawahi kuandika dosiye rahisi kama ile.

Ila dosiye haitoki bila kashe, yaani muhuri, ya mkubwa wa chama, kile kimoja tu cha nchi, katika mtaa. Jina lake silitaji. Tulimwita Sitwayeni, mwananchi, kama ilivyotupasa kumwita kila mtu, naye alilipokea kama jina la ubatizo. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, akasimama ukurasa wa pili.

"Hapa uliandika kwa hiari yao. Maana yake nini?"

"Ni kusema hakuna muntu alibatuma, Sitwayeni."

"Hakuna muntu alibatuma?" Aliinua kichwa. "Mu katiye yangu bamama makumi ine banatoka, banabeba matofali, na hakuna muntu alibatuma? Ile inaitwa fujo. Andika salongo."

Kama mnayasoma haya mkiwa wageni: salongo ni ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, tunayoiita siku ya posho kama Jumatano tunavyoiita siku ya tatu: kufagia barabara na kukata majani, na mtu wa chama anasimama na daftari kuona nani hakuja. Asiyekuja anajieleza.

"Lakini salongo ni siku ya posho, Sitwayeni. Bale bamama banatumika siku ya tatu."

"Basi ni salongo ya siku ya tatu. Mapinduzi haina kalandriye."

Akaichovya kashe kwenye wino, akaishika juu ya karatasi, hakuishusha. Wino ulikuwa ukikauka tukitazamana. Nilirudi kwenye masini, nikapiga ukurasa upya. *Salongo*: herufi saba, hata Z haimo. Nilidhani nimepata nafuu. Nikapeleka, akapiga kashe, akaniambia nimsalimie bwana.

Hilo ndilo kosa langu la kazi, na sikuambiwa na mtu kwamba ni kosa, kwa sababu hapa Likasi hakuna ambaye angeliona. Kwetu neno lile lilikuwa kama vumbi. Liko kila mahali, nani analitazama?

Wafadhili walilitazama. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, tumbo langu limeshafika kwenye meza kabla yangu. Papa Ngoie alisoma kwa sauti. Walikuwa wameuliza watu wanaoijua nchi yetu, wakaambiwa salongo ni kazi ya kulazimishwa. Wao hawatoi bati la kuezeka kuta zilizoinuliwa kwa lazima. Tujieleze haraka, la sivyo wanalifunga jalada.

Masere aliketi. "Tukisema ni salongo, hawatoi," alisema. "Tukisema si salongo, Sitwayeni anaondoa kashe yake, na labda anafunga Kituo pia. Tusali."

Papa Ngoie alikuwa ameshachukua kalamu. "Tuombe rehema," alisema. "Nitaandika: bamama banajuta..."

"Papa," nikasema, "ukiandika tena *hatutarudia*, nitakumezesha hii kaboni."

"Mama Ajali, unapenda kutupeleka wote Buluo? Minye ninajua njia. Weye huijue."

Alikuwa haniogopeshi. Alikuwa anaogopa yeye, na alikuwa na haki. Lakini mimi nilikuwa mzito, miguu imevimba, na kila nilipopita pale kwenye reli niliangalia malori. Nikatoka nikaenda sokoni kwa Mama Amina.

"Bazungu banasema munalazimishwa," nikamweleza.

Alicheka mpaka wauzaji wa pembeni wakageuka. "Nani atanilazimisha minye? Bwana yangu alijaribu, akashindwa, akaenda Kolwezi!"

"Basi tuseme vile. Lakini bila kashe."

Akaacha kucheka. Alifunika samaki wake kwa gunia, akaniuliza taratibu, "Na weye? Utatia jina?"

"Nitaweka yenu. Yangu hapana."

"Vizuri. Weye uko na tumbo."

Jumatano ile niliketi juu ya rundo la matofali, wamama wakapita mbele yangu mmoja mmoja, kila mmoja akasema alibeba nini na kwa nini, akaweka kidole gumba kwenye wino. Niliporudi Kituoni, Masere akiwa kanisani, nilitengeneza waraka mmoja tu. Sikujua kuandika maelezo ya kisiasa. Nilijua kuandika raporo ya ajali, basi nikaandika hiyo:

*Mahali pa ajali: ukurasa wa pili, mstari wa tisa. Namna ya ajali: neno moja lilianguka juu ya wamama arobaini. Sababu: muhuri haukukubali neno lingine. Walioumia: bado, lakini wanazaa karibuni. Mashahidi: vidole vyao, hapa chini.*

Nikajaza Z zangu kwa kalamu. Mdogo wake Mama Amina, dereva wa lori, aliupeleka Lubumbashi, akautia posta kule ambako hakuna anayenijua.

Kisha nikazaa. Haikuwa lazima niliseme hapa, lakini nimeambiwa mambo ya kazi, na hili ni la kazi. Ilikuwa saa sita mchana. Bwana yangu alikuwa kiwandani. Jirani alinipakia kwenye pusupusu, lile gari la kusukuma la sokoni, bado lina majani ya sombe, tukaelekea hospitali. Treni ya madini ilikuwa imesimama kwenye njia, ndefu, haina haraka. Mimi niliyeandika kurasa kumi na mbili kuhusu wanawake wanaozaa njiani, nikazaa njiani. Mama Amina alikimbia kutoka sokoni, mikono inanuka samaki, akampokea mtoto.

"Sukuma!" alipiga kelele. "Uliandika sana, sasa sukuma!"

Nikasukuma. Na dereva wa nyuma yetu, Mungu amwone, alipiga honi.

Wiki tano baadaye wafadhili wakakubali. Bati, saruji, vitanda sita. Masere alilia machozi, Papa Ngoie akavua miwani akaifuta, uzi ukakatika. Mimi nilikuwa nimekuja kuwaonyesha mtoto wangu, Kyungu, nikafurahi pamoja nao mpaka nilipoiona karatasi ya pili. Wafadhili, watu wenye utaratibu, walikuwa wameambatanisha nakala ya waraka *uliotushawishi*. Na barua zote za ng'ambo hupita kwanza kwa Sitwayeni.

Alikuja siku ya pili yake, akaiweka mezani nakala aliyojitolea ya karatasi ile.

"Hii haina sahihi ya muntu yeyote wa Kituo," Masere alisema haraka.

"Haina sahihi," alikubali Sitwayeni. "Lakini iko na mukia." Akaweka kidole juu ya Z. Kisha akafungua dosiye ya kwanza, ile yenye kashe yake mwenyewe, akaweka kidole kingine juu ya Z nyingine. Mikia ilifanana kama mapacha.

Kyungu akapiga chafya.

Sasa tazameni alivyokwama. Kukataa jengo hakuweza, maana alikuwa ameshawatangazia wakubwa zake kwamba salongo ya mtaa wake imezaa hospitali. Kunifukuza lazima aandike sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba nimesema wamama hawakutumwa na yeye. Akiniandikia hilo, wakubwa watauliza kama ni kweli. Alisimama pale, mtu mwenye kashe mkononi na hana mahali pa kuipiga. Iliyobaki ilikuwa njia ya tatu, ya gari la chama linalokuja kumchukua mtu usiku, bila karatasi yoyote. Niliiona ikipita machoni mwake. Papa Ngoie naye aliiona.

"Sitwayeni," alisema Papa, kwa ile sauti yake ya zamani, "huyu ni mama mupya. Amechoka. Unipe saa moja tu."

Akaketi kwenye masini. Sikuwahi kumwona akipiga haraka vile. Alianza kwa sifa za Sitwayeni, nusu ukurasa. Akafuata na majuto, bila kusema ya nini. Akaandika kwamba kwa sababu ya mtoto na afya yangu ninaomba kwa unyenyekevu nipumzishwe kazi. Na mwisho, nikisimama nyuma ya bega lake huku nimeuma meno, akapiga ile sentensi: *Anaahidi kwamba hatarudia.*

Sitwayeni alisoma kwa kidole, akafika mwisho, akarudia mstari wa mwisho mara mbili. Ulimpendeza. Kashe ikashuka.

Alipotoka, Papa Ngoie aliifunika masini. "Ile miaka yote Buluo," aliniambia, "hii njo barua yangu ya kwanza ilifungua muntu."

Nilitaka kumtukana. Nilimpa Kyungu amshike.

Barua ya kunistaafisha ilichukua miezi kufika, na kabla haijafika jengo lilikuwa limekwisha. Mlangoni kuna kibao alichoweka Sitwayeni: *Tunda la Salongo.* Mama Amina, asiyejua kusoma, aliniuliza kimeandikwa nini, nikamwambia.

"Ah bon? Kama ni salongo, ye alibeba tofali ngapi?" Akageuka kwa wenzake. "Siku ya tatu akuye, kungali choo ya kujenga!"

Hakuja. Wao walikuja.

Kwa hiyo nyinyi mnaokuja. Nasikia mmoja wenu alikuwa akitunga nyimbo za wacheza ngoma wa chama. Usione haya, sote tulikuwa kitu fulani. Lakini ukisikia mkono wako unaanza kusifu, simama, kanywe maji, kisha uende sokoni umtafute shahidi. Kabla hujaliandika neno, uliza litasomwaje na mtu asiyeishi hapa. Kaboni zigeuzeni juu chini zinapochakaa, zinafaa mara tatu zaidi. Masere, ukifika hapa usikate ukurasa huu. Uweke kwenye kabati la kalenda, hakuna anayelifungua.

Nilipopeleka funguo Jumatatu, nilikuta masini imepata Z mpya. Miaka minne niliomba. Ilichukua siku tatu tangu nilipotoka. Sasa barua zote zitafanana na hakuna atakayejua nani ameandika nini, jambo ambalo Sitwayeni, aliyemleta fundi, nadhani hakulifikiria vizuri.

Jana nilipita kwenye nyumba ya kuzalia. Mwuguzi alinionyesha rejista. Nilimwomba aandike na Kyungu, ingawa hakuzaliwa pale, na akakubali. *Mahali: njiani, kwenye reli.* Chini yake, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mjukuu mwingine wa Mama Amina. *Mahali: Kikula, kitanda cha kwanza.*

"Ni muzuri," alisema Mama Amina, akiinama juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma. "Ila maji hayifike. Tunabeba na bidon toka kule chini. Tuandikie."

"Mama, mu barua ya kashe balisema sitarudia."

"Nani alitia sahihi?"

"Papa Ngoie."

"Basi ye asirudie," alisema, akanivutia kiti.

Nikamshusha Kyungu mgongoni, nikamlaza kwenye kitanda cha pili, nikatoa kalamu. "Siku gani," nikamwuliza, "na nani anabeba?"